Nyumba Zilizogeuka Kutazama Njia

Kazi yangu ya kwanza katika ofisi ya ardhi ilikuwa kushika fimbo na kunyamaza. Fimbo ilikuwa ndefu, imepakwa rangi nyekundu na nyeupe kwa vipande. Mpima aliyekuwa akiitazama kupitia darubini yake ya miguu mitatu aliitwa Mzee Leonsi, Mfipa mwenye sauti ndogo na uvumilivu mdogo zaidi. Asubuhi ile tulikuwa pembeni mwa mji wa Mpanda, kwenye pori ambalo leo limejaa maduka. Nilimsalimia. Akaniuliza nimesoma hadi wapi, nikasema darasa la saba. Akaniuliza kama naweza kusimama, nikasema naweza.

"Basi simama pale penye kichuguu," akasema, "na usiwe na maoni."

Nilisimama. Nyuki wakaja, nikasimama. Likapita kundi la ng'ombe, dume mmoja akajikuna kwenye fimbo, fimbo ikayumba, na Mzee Leonsi akapiga kelele kule alikokuwa kwamba niliyeyumba ni mimi. Jioni akaniambia nirudi kesho. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Naandika haya kwa ajili yenu mliobaki pale ofisini. Wanaostaafu huandika walivyopanda vyeo, lakini habari za vyeo vyangu ni fupi: nilianza nikishika fimbo, nikamaliza nikishika mashine inayozungumza na satelaiti, na siku zote mbili nilikwenda kazini kwa miguu. Ninachotaka kuwaeleza ni habari za mtaa wa Mgunga. Nyie mnafika pale alfajiri, mnaona watu wanatiririka kwenye njia za miguu kwenda stendi, mnapiga picha, mnafikiri mtaa ulizaliwa hivyo. Haukuzaliwa hivyo. Na nataka mumjue marehemu mke wangu Kristina, ambaye hakuwahi kuajiriwa na mtu yeyote, ingawa wengi wenu mmekula vitumbua vyake.

Nianze na vyombo, maana bila hivyo hamtaelewa nilivyofundishwa. Tulikuwa na kamba, mnyororo wa chuma uliokuwa ukipata moto juani mpaka unauma mikono, panga, nyundo, chokaa kwenye kopo, na mzigo wa vigingi vya mbao. Kigingi ndicho kilichotutesa. Unakigonga asubuhi, mchana hakipo. Mwenye shamba amekiona, hakujua ni cha nini, amekichomoa na kukipeleka jikoni. Vigingi vya serikali vimepika ugali mwingi sana katika mkoa huu wa Katavi.

Mzee Leonsi alikuwa na dawa yake. Kabla ya kugonga chochote alikwenda mpaka kwa mwenye shamba, akasalimia, akaulizia watoto, akaulizia mvua. Kisha akamwomba mwenyewe aje akishike kigingi kwa mikono yake wakati mimi nagonga. Mara nyingi mwenye shamba alikuwa mzee wa Kikonongo, au Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, au mtu wa asili ya Burundi aliyelima pale miaka mingi. Wote walishika. Wengine waliogopa nyundo wakafumba macho, lakini walishika. Kigingi kilichoshikwa hivyo hatukukikuta jikoni.

"Sasa ni chake," Mzee Leonsi alikuwa akiniambia tukiondoka. "Akikichomoa anajichomoa mwenyewe."

Alistaafu kabla mashine mpya hazijaja, akarudi kwao, na nilikwenda kumzika. Darubini yake iko bado kwenye kabati la ofisi, juu kushoto. Naomba msiitupe.

Mgunga ulianza stendi mpya ya mabasi ilipojengwa pembeni mwa mji, upande wa mashamba ya Mwamkulu. Palikuwa na vichaka, mashamba ya karanga na nyumba za udongo chache. Tukaambiwa pale patapimwa mtaa, na mchoro utafanywa na afisa mipango miji mpya, msichana anayeitwa Grasiana, aliyetoka chuo si muda mrefu. Nilitegemea aje na viatu vya ofisini. Alikuja na mabuti ya mvua na kofia ya majani, na siku ya kwanza alitembea mpaka mimi nikaomba tupumzike.

Mitaa niliyozoea kupima ilikuwa hivi: kwanza barabara za magari, halafu viwanja, na mtu wa miguu ajitafutie. Mchoro wa Grasiana ulianza na stendi. Kutoka stendini zilitoka njia za miguu zilizonyooka kama vijiti vya mwavuli, kila moja ikipita katikati ya viwanja vidogo vidogo, na kandokando ya njia hizo aliweka soko, zahanati, shule na bomba la maji. Magari yalizungukia kwa nje. Nilimwambia sijawahi kuona mchoro wa namna hii.

"Mzee Anselmi," akaniambia, "hapa Mpanda wenye magari ni wengi?"

"Wachache."

"Na wenye miguu?"

"Sasa afisa, na hilo ni swali la kuniuliza?"

"Basi mbona siku zote tunawapimia wale wachache?"

Niligonga vigingi. Upana wa njia tulipatana palepale shambani. Grasiana alinisimamisha mimi nikiwa na mzigo kichwani, akamsimamisha mama mmoja mwenye ndoo, akaleta baiskeli ya mkaa iliyosheheni, halafu akamwomba dada mmoja wa Kisukuma apige goti kama anamsalimia mkwewe. Sote tulipoweza kupishana bila kugusana, akasema hapo. Kwenye mchoro kuna mita, lakini zilipatikana hivyo. Waulizeni vibarua, walicheka mpaka wakakaa chini.

Viwanja vikanunuliwa. Mimi na Kristina tukapata kimoja kama watu wengine, tukajenga. Mtaa ukasimama haraka, nyumba za tofali za kuchoma na bati, nzuri. Na hapo ndipo tulipoona tulichokosea.

Nyumba kwetu ina uso na ina mgongo. Uso una mlango, una baraza, una kiti cha mgeni. Mgongoni kuna choo, bafu, banda la kuku, jiko, na kamba ya nguo zile ambazo hutaki mgeni azione. Kila mtu aliyejenga Mgunga aliuelekeza uso wa nyumba kwenye barabara ya magari, hata wale ambao hawakuwa na baiskeli. Aliupeleka mgongo kwenye njia ya miguu, kisha akajenga ukuta. Mimi pia nilijenga hivyo, na hakuna aliyeniambia nifanye vinginevyo. Njia za Grasiana zikawa zimenyooka, safi, hazituamishi maji, zinafika stendi kwa muda wa kuchemsha chai. Na hazikuwa na mtu.

Watu walizunguka na barabara ya magari. Kina mama wenye mizigo walizunguka. Wenye hela walipanda bodaboda kwenda stendi ambayo walikuwa wakisikia honi zake wakiwa kitandani. Ofisini tulijadiliana. Mimi nilisema ni giza. Zikaletwa taa za jua, tukazisimika, zikamulika kuta usiku kucha. Popo walifurahi sana.

Mtu mmoja tu ndiye aliyepita pale. Aliitwa Bibi Kabula, mjane, Msukuma aliyekuja huku na marehemu mumewe na ng'ombe ambao hawapo tena. Alikaa mwisho kabisa wa njia ambayo ilipita mgongoni kwetu. Kazi yake ilikuwa kwenda Usevya na gari la kwanza la alfajiri, kununua mchele kwa wakulima, na kurudi kuuza sokoni. Nyonga yake moja ilikuwa mbovu. Akizunguka na barabara, gari linamwacha. Akipita njia ya miguu, analiwahi. Kwa hiyo alipita.

Asubuhi moja mke wa jirani yetu Masanja alitoka kwenda kuwasha moto, akasikia hatua nyuma ya ukuta. Mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuta. Akauliza, "Nani huyo?" Kimya. Hatua zikaendelea. Akapiga kelele, Masanja akatoka na rungu, na juu ya ukuta akaona kitambaa cha Bibi Kabula kinakwenda zake. Siku hiyohiyo mtoto wao akashikwa na homa.

Nyie mliozaliwa huku mnajua maneno gani yalifuata. Na mnajua kwamba huku kwetu, yakishasemwa juu ya bibi kizee, hayabaki maneno. Kesho yake njia ilikuwa imezibwa kwa miiba. Usiku uliofuata kuna mtu alirusha mawe juu ya bati la Bibi Kabula. Akaacha kwenda Usevya. Akaacha kutoka.

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Grasiana alikwenda, nami nikaenda naye. Bibi Kabula alikuja kwa miguu yake, akakaa mbele chini, kanga amejifunga vizuri.

Masanja alikuwa wa kwanza kusimama. Ni mtu mkubwa, ana duka la vifaa vya ujenzi, anapenda kusikilizwa. "Mtu mwema anapita mbele ya nyumba," akasema. "Anayepita nyuma, alfajiri, anatafuta nini?"

"Anatafuta basi!" akajibu mtu kutoka nyuma, na watu wakacheka.

"Chekeni. Mtoto wangu alishikwa na homa siku ileile."

Wakaacha kucheka.

Mwenyekiti akamgeukia bibi. "Mama, uliulizwa ni nani. Mbona hukujibu?"

"Niliulizwa na ukuta, mwanangu," akasema Bibi Kabula. "Wewe huwa unajibu kuta?" Kicheko kikarudi kidogo. Yeye hakucheka. "Nilitaka kupiga hodi. Kwetu ukipita kwa mtu unapiga hodi. Nikatazama huku, ukuta. Huku, ukuta. Njia nzima haina mlango hata mmoja. Hodi napigia wapi?"

Mwenyekiti akasema wananchi wanataka njia zote zifungwe, kila mtu asogeze ukuta wake achukue kipande chake. Siku chache baadaye ofisi ikakubali nusu. Wakubwa walisema watakuja alfajiri moja mvua zikikatika. Wakikuta njia hazina watu, mchoro utabadilishwa na njia zitagawiwa wenye viwanja. Wala sikuwalaumu. Ukiitazama ile miiba, nani angekataa?

Kwa Bibi Kabula maana yake ilikuwa rahisi kuliko hivyo. Njia ikifungwa, karatasi ya serikali ingekuwa imesema Masanja alikuwa sahihi. Angebaki mchawi mpaka kufa kwake, na huenda asingesubiri sana.

Tulirudi na Grasiana. Karibu na ofisi akasimama katikati ya barabara. "Hodi napigia wapi," akasema. "Mzee, tumekaa tunahesabu taa. Wanaogopa kupita mgongoni kwa watu. Hata mimi kwetu nisingepita." Akasema sheria haimruhusu kumlazimisha mtu aweke mlango upande fulani. Akaniuliza kama namjua hata mtu mmoja ambaye angekubali kutoboa ukuta wake kwa hiari. Nikasema nitafikiri.

Nilikwenda nyumbani nikamsimulia Kristina kama habari za kazini tu, nikila. Kristina alikuwa Mpimbwe wa Usevya, mwembamba, mcheshi kwa watu, mkali kwa vyombo vichafu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Toboa," akasema.

"Nitoboe nini?"

"Ukuta wetu, baba Yohana. Toboa weka mlango."

"Pale kuna bafu. Kuna jiko. Unataka watu wa stendi waone sufuria zetu?"

"Sufuria zangu ni safi. Wewe ndiye unaogopa kuonekana na taulo." Akaondoa sahani. "Yule bibi mchele anaununua kwa mjomba wangu. Akikaa ndani atakula nini? Atakula mchoro wenu?"

Fundi alikuja kutoka Litapunga, anaitwa Nzeyimana, seremala mzuri ambaye hajawahi kufanya kazi bila kuitania kwanza. Alizunguka bafu, akautazama ukuta, akanitazama mimi. "Mzee, kwa hiyo mgeni anapokelewa na bafu?"

"Bafu linahama."

"Aa. Basi nikadhani umestaafu akili kabla ya kazi."

Tulihamisha bafu upande wa pili. Tulitoboa. Mlango ukawekwa, wa mninga, na mbele yake Kristina akataka baraza la saruji la watu kukaa, na pembeni jiko la mkaa. Majirani walitazama juu ya kuta zao kama wanaotazama nyumba inayoungua. Masanja aliniuliza kama mke wangu ana afya. Nikasema ana afya kuliko mimi.

Asubuhi mlango ulipokwisha, Kristina hakuwasha jiko kwanza. Alishika panga, akaiondoa miiba mwenyewe, akanikataza kumsaidia, halafu akatembea mpaka mwisho wa njia kwa Bibi Kabula. Nilimfuata nyuma kidogo. Alimkuta bibi amekaa mlangoni kwake.

"Mama, chukua mfuko wako. Leo unapita na mimi."

"Wataniua, mwanangu."

"Watatuua wawili, na makaburi mawili ni kazi nyingi ya kuchimba. Twende. Ila hupiti kimya. Unapita unasema."

"Nasema nini na kuta?"

"Sema unavyosema kwenu."

Wakaanza. Bibi Kabula alitoa sauti ambayo sikujua anayo, sauti ya kuita ng'ombe. "Mwangaluka!" akaita, ndiyo salamu ya asubuhi ya Kisukuma. "Mwangaluka, wenyewe! Ni mimi Kabula, napita, naenda Usevya!" Kuku wakakurupuka. Mbwa akabweka. Kwenye ukuta wa pili mtu akacheka. Kwenye ukuta wa nne sauti ya mwanamume aliyekuwa bado na usingizi ikajibu, "Haya, pita mama." Kila ukuta aliita, kila ukuta alitaja jina lake na anakokwenda.

Wakafika kwa Masanja. Bibi alinyamaza, Kristina akamshika mkono. Bibi akaita, sauti ikiwa ndogo kidogo. Kimya. Niliuona moshi wa jiko unatoka juu ya ukuta, kwa hiyo nilijua kuna mtu. Halafu sauti ya mke wa Masanja, kutoka palepale jikoni.

"Pita, bibi. Mtoto amepona. Ilikuwa malaria."

Bibi Kabula aliliwahi gari.

Siku iliyofuata alipita tena, na Kristina alikuwa barazani na uji na vitumbua. Wiki ya kwanza wateja walikuwa bibi, mimi, na kondakta mmoja aliyefuata harufu. Kondakta akawaambia wenzake. Walimu wa shule wakaona kwamba wakipita pale wanapata chai na hawachelewi. Kisha wanafunzi, kisha wauza mboga wa kutoka Mwamkulu, kisha watu wenye mabegi wanaokwenda Tabora. Na kila aliyepita aliita, maana walimsikia bibi akiita wakadhani ndiyo desturi ya mtaa. Sasa ni desturi ya mtaa.

Mlango wa pili ulitobolewa na mama anayeshona nguo. Wa tatu na kinyozi. Sitawadanganya, hawakutoboa kwa kumpenda Bibi Kabula. Walitoboa kwa sababu waliona Kristina anauza. Nilimlalamikia Grasiana kuhusu hilo, akasema yeye hapimi mioyo ya watu, anapima ardhi. Akaandika utaratibu: anayefungua mlango kwenye njia ya miguu anaruhusiwa kuwa na baraza, na asiyetaka mlango ashushe ukuta wake ufike kifuani, ili anayepita aonekane na amwone aliyeko ndani. Fundi Nzeyimana akahamia Mgunga kabisa. Alisema hajawahi kuona mji unaotoka milango kama mtoto anavyotoka meno.

Masanja alikuwa wa mwisho. Duka lake lilitazama barabara ya magari, na kwenye barabara ya magari palikuwa pamebaki magari, ambayo hayanunui misumari. Asubuhi moja nilikuwa na kamba na nyundo, napima mwisho wa mabaraza, akatoka akasimama juu yangu.

"Mzee Anselmi. Baraza langu litaishia wapi?"

"Unafungua?"

"Nimeuliza litaishia wapi."

Nikachukua kigingi. Nikamkumbuka Mzee Leonsi, nikakinyoosha kwake. "Njoo ushike mwenyewe."

Alishika. Mtu mkubwa vile, alifumba macho nilipoinua nyundo.

Hakuwahi kumwomba bibi msamaha, na sitaandika kwamba aliomba. Lakini alijenga benchi la mbao mbele ya mlango wake mpya, na siku moja Bibi Kabula akirudi na mchele akalitua gunia pale, akakaa, akapumua. Masanja alikuwa mlangoni. Sote tuliokuwa karibu tulijifanya tunafanya mambo mengine.

"Benchi lako fupi," akasema bibi. "Gunia limekaa, mimi nusu niko nje."

"Nitaliongeza, bibi," akasema Masanja. Akaliongeza.

Mvua zikakatika, wakubwa wakaja. Walikuja alfajiri kama walivyoahidi, na karatasi zao, wakaingia kwa upande wa stendi. Hawakuweza kupita. Si kwamba walizuiwa. Watu walikuwa wengi, wote wanakuja upande wao: mabegi, ndoo, magunia, watoto wa shule, baiskeli ya mkaa, mtu amepiga goti anamsalimia mkwewe na watu wanampita bila kumgusa. "Napita! Napita!" kila mlango, na kila mlango unajibu. Mkuu wao alisogea pembeni, akasimama kwenye baraza la Kristina, karatasi amezishika kifuani.

"Hawa wote wanatoka wapi?" akamuuliza Grasiana.

"Nyumbani kwao."

"Wanakwenda wapi?"

"Stendi."

"Na siku zote walikuwa wapi?"

Grasiana alifungua mdomo, lakini Masanja akamtangulia, kutoka mlangoni kwake, kwa ile sauti yake ya mkutanoni. "Mkuu, samahani. Mkiifunga njia hii mtanikuta mimi nimelala katikati. Naongea mbele ya mwenyekiti."

Mwenyekiti, aliyekuwa ameandika maombi ya kuifunga, alikohoa. Akasema wananchi wamekuwa na msimamo huo tangu mwanzo. Kristina akamwekea kitumbua mkononi ili asiendelee.

Njia hazikufungwa. Mchoro ukabaki kama ulivyo, na mitaa iliyopimwa baada ya hapo, nyie mnajua, milango inachorwa pamoja na njia. Wageni wametoka miji mingine kuja kutazama, na nimewatembeza. Huwa wanauliza upana kwa mita. Huwa nawaambia mita, halafu nawaambia habari ya mkwe.

Nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani, nawashukuru, ingawa sina tena pa kuwahi. Mpango wangu ulikuwa kukaa na Kristina pale barazani, yeye akikaanga, mimi nikiwa na maoni, maana nilikuwa nimenyamaza tangu enzi za fimbo. Tulikaa hivyo msimu mmoja wa mahindi. Kisha akaugua. Hakuugua muda mrefu. Waliokuja kubeba jeneza waliuliza litokee mlango upi, kwa kuwa desturi ni mlango wa mbele. Wakajibishana kidogo ni upi ulio wa mbele. Bibi Kabula akasema, "Mnauliza nini?" Tukatokea upande wa njia. Ilitosha. Waliobeba walitembea wanne kwa wanne, na watu wamesimama kwenye kila mlango mpaka kanisani.

Matanga yalipokwisha na ndugu wakaondoka, nilifunga mlango ule wa mninga kwa komeo. Sikuwa na la kuuza, na sikutaka kulitazama baraza. Nilijiambia nitautumia ule wa upande wa magari.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimekaa kitandani, bado ni giza giza, nikasikia hatua. Mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuta. Zikafika nyuma ya nyumba, mbele ya nyumba, vyovyote mtakavyopaita, zikasimama.

"Mwangaluka, wenyewe! Ni Kabula. Napita, naenda Usevya."

Nilinyamaza. Nilifikiri atakwenda. Hakwenda. Nilimsikia anatua mfuko chini.

"Wenyewe mpo?" akaita tena. "Ama mnataka niongee na ukuta?"

Niliamka. Komeo lilikuwa gumu, nikalipiga kwa kiganja mpaka likaachia, nikafungua mlango kwa upana wake wote. Alikuwa amesimama pale na kitambaa chake, na nyuma yake njia ilikuwa imeshaanza kujaa watu, nao walikuwa wamesimama, mabegi vichwani, hakuna aliyempita.

"Tupo," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Pita, mama. Mlango uko wazi."

Akachukua mfuko wake, akapita. Masanja akajibu kwake, na mama mshonaji akajibu, na kinyozi, na jibu likaendelea kutoka mlango hadi mlango mbele yake mpaka likachanganyika na honi za stendi.